Casio F-91W baada ya miaka 19 mkononi: nyota nne zangu, moja ya mke wangu

Nianze na mke wangu, maana nisipomtaja mapema atasema nimeficha ushahidi. Nilipomwambia kwamba naandika mapitio ya saa yangu ya mkononi hakugeuka hata kunitazama. "Ipe nyota moja," akasema. "Na hiyo moja ni ya uvumilivu wangu mimi, si ya saa."

Saa yenyewe ni Casio F-91W. Hata kama jina hulijui, sura unaijua: kijisanduku chembamba cheusi cha plastiki, mstari wa buluu umezunguka kioo, tarakimu nyeusi juu ya kijivu, na vitufe vitatu, viwili kushoto na kimoja kulia. Ilitoka mwaka 1989, ikiwa imesanifiwa na Mjapani aitwaye Ryusuke Moriai, na mpaka leo inatengenezwa kwa sura ileile. Yangu niliinunua mwaka 2006. Nilikuwa mwalimu mgeni wa hisabati, nimepangiwa kusimamia mtihani kwa mara ya kwanza, na siku moja kabla nikaenda kukagua chumba nikakuta saa ya ukutani imesimama. Nikanunua ya bei nafuu kuliko zote zilizokuwepo, nikijiambia ni ya wiki mbili tu. Sasa ni miaka 19.

Mambo ya ufundi kwanza, kwa waliokuja kusoma hayo peke yake. Uzito wake ni gramu 21 na unene milimita 8.5, kwa hiyo unasahau kabisa kuwa umeivaa; nimeshaitafuta nyumba nzima, chini ya mito na nyuma ya kabati, ilhali iko mkononi. Mtengenezaji anasema inaweza kwenda mbele au kubaki nyuma kwa sekunde 30 kwa mwezi. Yangu hukimbilia mbele kidogo, nami huirudisha kila muhula unapoanza. Betri ni CR2016 na inakadiriwa kudumu miaka 7, makadirio ambayo kwangu hayakuwa ya kujisifu, maana nimeibadilisha mara mbili tu. Fundi aliyeifungua mara ya pili (mfuniko wa nyuma una skrubu nne ndogo mno, usijaribu mwenyewe kwa ncha ya kisu kama nilivyofanya mimi) alinirudishia huku akitikisa kichwa. "Mwalimu, wote mkivaa hizi sisi tutarudi kulima."

Taa yake ni kichekesho. Ni kitaa cha kijani kilichowekwa upande mmoja, kinamulika kona, tarakimu nyingine unazikisia. Stopwachi inapima hadi sehemu ya mia ya sekunde, lakini ikifika dakika 59 na sekunde 59.99 inarudi sifuri na kuanza upya, kwa hiyo usiitegemee kwa jambo refu. Imeandikwa kwamba inahimili maji. Elewa hapo matone ya mvua na kunawa mikono, usielewe kuogelea. Na ukitaka kujua kama uliyouziwa ni halisi au ya bandia, bonyeza kitufe cha kulia ukishikilie kwa sekunde tatu hivi. Halisi huandika jina la kampuni kwenye kioo, herufi ya mwisho ikiwa ndogo, usishtuke.

Ningeishia hapo, ila mwalimu wa hisabati hawezi kuliacha hili. Ndani ya saa hizi za kwatzi kuna kipande cha fuwele kilichochongwa ili kitetemeke mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo haikuokotwa njiani. Igawanye kwa mbili, jibu ligawanye tena kwa mbili, endelea hivyo mara 15, unabaki na moja: mpigo mmoja kwa sekunde. Kila mwaka naivua saa, naiweka mezani, naandika namba hiyo ubaoni na kuwaacha wanafunzi waigawanye wenyewe. Wakifika kwenye moja darasa zima linanyamaza kwa muda mfupi mzuri sana. Halafu mmoja ananyoosha mkono kuuliza kama itatoka kwenye mtihani.

Sasa mlio, kwa sababu ndio chanzo cha nyota moja ya mke wangu.

Kila saa kamili inapofika, F-91W inalia pi-pi. Mara mbili, fupi, nyembamba. Inazimika: bonyeza kitufe cha chini kushoto mara moja uingie sehemu ya kengele, kisha bonyeza cha kulia mpaka alama ya kengele ipotee juu ya kioo. Najua, na mke wangu anajua kwamba najua. Kwa miaka mingi nilidhani ugomvi wetu ni wa kelele. Nikawa naivua usiku, naisokomeza ndani ya soksi, soksi naitia kwenye droo. Hakuridhika. Siku moja nikamwuliza, kwa hasira kidogo, mlio usiofika hata sekunde moja unamuumiza nini.

"Nani amelalamikia kelele?" akasema. "Ikilia saa nne, uko mezani unasahihisha. Ikilia saa tano, bado uko mezani. Ikilia saa sita naacha kuhesabu, nageukia ukutani."

(Kioo huwa kinaandika 10:00, ndiyo. Miaka yote hii jicho linasoma kumi na mdomo unatamka nne bila kupumzika katikati. Sidhani kama kuna hesabu nyingine niifanyayo haraka hivyo.)

Sikuwa na jibu. Usiku uleule mmoja, mezani palepale, mimi nilikuwa naisikia pi-pi kama mtu anayenisindikiza: madaftari yalikuwa arobaini, sasa yamebaki ishirini, twende. Mwenzangu chumba cha pili alikuwa anasikia anavyoibiwa, saa baada ya saa. Na mimi nikamletea soksi. Tangu siku hiyo huwa nauzima mlio ikifika saa tatu usiku na madaftari nayafunga. Si kila siku, nisidanganye, maana anasoma ninachoandika.

Baada ya hapo nikaanza kujiuliza ni nani mwingine anayeisikia saa yangu. Sikulazimika kwenda mbali. Nimesimamia mitihani mingi nikiwa nayo, na mtihani wa muda wa saa tatu ukianza saa kamili, italia mara mbili kabla ya mlio wa kukusanya karatasi. Mimi nilikuwa natembea kati ya meza, nafikiria miguu yangu.

Mwaka juzi nilikuwa kwenye foleni ikalia. Mwanaume aliyekuwa mbele yangu, mrefu, mwenye ndevu, akanyoosha mgongo kama aliyeitwa kwa jina, kisha akageuka. "Shikamoo mwalimu. Nimekujua kwa mlio kabla ya kukuona." Nikaitikia huku jina lake limenipotea kabisa. Akanisimulia kwamba kwenye mtihani wake wa mwisho wa hisabati alikuwa ameshakata tamaa, kalamu ameiweka chini, kichwa amekilaza juu ya mikono. Saa ikalia. Akainua kichwa, akahesabu, akaona kumbe bado ana saa nzima. Akaanza upya kutoka swali la sita. Alifaulu, si kwa alama za kutisha, lakini alifaulu. "Nikisikia pi-pi popote," akaniambia, "huwa najisemea, bado kuna saa moja."

Nilirudi nyumbani nimejaa. Nikasimulia mara mbili. Mke wangu akanisikiliza zote mbili, halafu akasema, "Sasa mtafute na aliyeisikia vingine."

Haikuchukua hata mwaka. Msichana wa darasa lilelile, siku hizi daktari wa mifugo, alipita nyumbani kutujulia hali. Nikamsimulia kisa cha mwenzake nikitegemea atacheka. Hakucheka. Alitazama mkono wangu. "Mwalimu, mimi mlio huo ulinikuta bado niko swali la pili. Mpaka leo chombo chochote kikilia hivyo, hata kipimajoto ninachotumia kazini, tumbo linanikaza." Kisha akaniomba radhi kwa kusema, kana kwamba mkosaji ni yeye.

Sasa nikisimamia mtihani saa inakaa kimya na muda nautangaza kwa mdomo, taratibu. Najua nimemfanyia wema daktari wangu, ijapokuwa umechelewa. Lakini huwa nafikiria pia kuhusu yule mwenye ndevu, kama angeinua kichwa kwa sauti yangu. Wanafunzi wameshazoea kutoisikia sauti yangu.

Kalenda. Hapa ndipo mpitiaji mwaminifu anapaswa kuikata saa hii nyota nzima, nami naikata, lakini kabla ya kukata nieleze.

Binti yangu alizaliwa tarehe 29 Februari 2008. F-91W haijui kama siku hiyo ipo. Haihesabu miaka, kwa hiyo haina namna ya kutambua mwaka mrefu. Kwake Februari ina siku 28 milele. Maelekezo yanayokuja na saa yanasema hivyo wazi, kwa mtu anayesoma maelekezo. Mimi sikuwa nimesoma. Usiku ule nilikuwa kwenye benchi nje ya wodi, muuguzi akatoka na habari, nami kwa mkono unaotetemeka nikatazama saa na kuandika nyuma ya bahasha: saa mbili na dakika kumi usiku, 1 Machi.

Muuguzi akachungulia. "Baba, Machi mosi ni kesho. Leo ni Ijumaa."

Nikatazama tena. Kioo kimeandika FR, yaani Ijumaa, sawa. Pembeni yake, 1. Na mimi nikabishana naye! Mwanangu wa kwanza ana dakika chache duniani, nami nimesimama mlangoni nabishana tarehe na mtu aliyetoka kumpokea, namwonyesha saa ya plastiki kama hati ya mahakama. Hakunijibu. Alinishika bega, akanigeuza nikatazamana na kalenda iliyokuwa ukutani. Nikakata nilichoandika, chini yake nikaandika 29 Februari.

Alipoelewa habari hizo, binti yangu alizichukua kama jambo kati yake na saa. Mwaka 2012, akitimiza miaka minne, alikuja asubuhi akaushika mkono wangu aone siku yake. Kioo kilikuwa kimeandika 1. Akalia. "Saa ya baba hainijui," akamwambia mama yake, na ilichukua muda kumweleza kwamba saa haimjui mtu yeyote. Mwaka 2016 aliinunia. 2020 alicheka. 2024, msichana wa miaka 16, alikipiga kioo picha na kuiweka kwenye simu yake mahali pa picha ya uso wake: TH, na 1 badala ya 29. Nilipomwuliza anamaanisha nini akasema nisingeelewa.

Inawezekana. Mimi nikiiona hiyo 1 nasikia harufu ya dawa ya kusafishia sakafu na nauona mkono wa yule muuguzi begani. Kosa lile dogo la kalenda ndilo lililonifanya niikumbuke ile dakika. Kama saa ingeandika 29 ningenakili, ningeweka bahasha mfukoni, na pengine leo nisingekuwa na picha yoyote ya benchi lile. Yeye nikimweleza haya ananiambia, "Baba, hayo ni yako. Mimi ndiye niliyefutwa." Na kila mwaka mrefu, tarehe 1 Machi asubuhi, mimi ndiye ninayekaa ukingoni mwa kitanda kuirudisha saa nyuma siku moja, la sivyo itaendelea kunitangulia.

Kwa hiyo nyota moja imekatwa, kwa haki. Ila nikisikia wameirekebisha, nitasikitika.

Saa hii ina maana nyingine, na hiyo haina utani ndani yake. Aprili 2011 mtandao wa WikiLeaks ulitoa nyaraka za siri za jeshi la Marekani kuhusu wafungwa wa Guantanamo. Ndani yake F-91W inatajwa tena na tena. Wachambuzi waliichukua kuwa ni alama ya mtu aliyepitia mafunzo ya al-Qaida ya kutengeneza mabomu, kwa maelezo kwamba saa hizi ziligawiwa wanafunzi wa mafunzo hayo Afghanistan na kwamba zinafaa kutegea mlipuko kwa wakati. Mtu alikamatwa, mkononi ana F-91W, ikaandikwa kwenye faili lake miongoni mwa sababu za kumshikilia. Wako waliojieleza kwamba ni saa ya kawaida, inauzwa kila mahali, inavaliwa na kila mtu.

Niliyasoma hayo nikiwa nimeivaa. Nikaivua, nikaigeuza chini juu. Ilikuwa na vumbi la chaki kwenye matundu ya mkanda. Sisemi kwamba kila aliyeandika mafaili yale alikuwa mjinga. Sijui alikuwa ameona nini siku hiyo, na hofu nayo ina macho yake. Lakini mimi na mke wangu tukikosana kuhusu maana ya pi-pi, mwisho wake ni soksi kwenye droo. Pale aliyeamua maana ya saa alikuwa upande mmoja wa meza, mwenye saa upande wa pili, na ufunguo ulikuwa kwa yule wa kwanza. Kwa siku kadhaa sikuivaa.

Aliyenirudisha ni mpwa wangu, bila kujua. Alikuja likizo, kijana wa miaka ishirini, mkononi ana F-91W mpya kabisa. Kumbe zimerudi kuwa mtindo, vijana wanazitafuta kwa sababu ni za kizamani. "Mjomba, wewe ulikuwa mbele yetu wote," akaniambia kwa heshima ambayo sijawahi kuipata kwake. Mimi! Mtu ambaye walimu wenzake walimchangia saa ya rangi ya dhahabu alipopandishwa cheo kuwa makamu mkuu wa shule, na baadaye nikasikia kwamba mchango ulianza kwa mmoja kusema haifai kiongozi kuvaa saa ya mtoto. Ile ya dhahabu naivaa kwenye mahafali. Ni nzuri, ni nzito, na nikiivaa nakaa wima kama mgeni rasmi. Nashukuru kwa moyo wote. Nikifika nyumbani naivua kabla ya viatu.

Niliwahi kusoma kuhusu utafiti wa Mihaly Csikszentmihalyi na Eugene Rochberg-Halton, uliochapishwa mwaka 1981. Watu 315 kutoka familia 82 za eneo la Chicago waliulizwa ni vitu gani nyumbani mwao vina umuhimu wa pekee kwao, na kwa nini. Mababu na mabibi walielekea kwenye picha. Wajukuu kwenye vyombo vya kusikilizia muziki. Nyumba ileile, kila mtu anaonyesha kidole upande wake. Basi nami nikauliza swali hilo sebuleni kwetu, nikijua jibu langu liko mkononi. Mke wangu akataja meza ya kulia, "ikiwa haina madaftari juu yake." Binti akafikiri, akaingia chumbani, akarudi na ile bahasha. Sikujua kwamba anayo. Nilidhani ilipotea tulipohama. Ameihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki, imekunjika kona moja, 1 Machi imekatwa kwa mistari miwili, 29 Februari chini yake kwa mwandiko wa mtu aliyekuwa na haraka.

"Hapa ndipo uliponiandika," akasema.

Saa hakuitaja.

Haya, ushauri wa kununua. Kama unataka saa ya kazi isiyokudai kitu, nunua. Kama mkono wako ni mkubwa itaonekana kama umemnyang'anya mtoto; zoea tu. Kama unafanya kazi gizani, tafuta yenye taa ya maana. Kama unalala chumba kimoja na mtu, muulize kwanza anasikia nini, na usikimbilie soksi. Mkanda ni wa plastiki. Wangu nimeshaubadilisha, nao haukuwa na kosa lolote, ni mimi niliyeuacha karibu na pasi ya moto.

Kwangu ni nyota nne kati ya tano. Mke wangu anashikilia moja, ingawa jana usiku, nilipokuwa namalizia kuandika haya na mlio nikiwa nimeuzima, alikuja mlangoni kuuliza ni saa ngapi. Binti amekataa kupiga kura kwa sasa. Amesema nyota zake atazitoa Jumanne, tarehe 29 Februari 2028, baada ya kuangalia kioo.